Wazungu Wanafanya Salongo

Juzi jirani yangu alishushiwa miti ya kujengea nyumba, mikalitusi mibichi iliyokatwa asubuhi hiyohiyo, na vijana wa fundi wakaanza kuibandua maganda kwa panga. Nilikuwa jikoni natwanga sombe, majani yetu ya muhogo. Harufu ilipita dirishani, ile harufu kali inayofungua pua mpaka machozi yanakutoka bila kuulizwa, nami nikaacha mchi kwenye kinu na kwenda kusimama ukutani. Jirani akaniona, akauliza kama nimepata habari ya msiba. Nikamwambia hapana, nimekumbuka uwanja. Akanitazama kidogo, akarudi kuwahesabia vijana wake makosa.

Mimi ni wa Bunia, mtaa wa Ngezi. Nikiwaambia hivyo watu wa mbali, nyuso zao hubadilika na sauti zinashuka kana kwamba wameingia chumba cha mgonjwa. Wanataka niwape habari za bunduki. Ninazo, kama ninyi nyote mliokua hapa wakati mmoja na mimi, lakini si za kugawia kila anayenyoosha mkono. Leo nasimulia habari za mpira: timu moja ya Ujerumani, uwanja wake, mashabiki wake, na uwanja wetu. Anayetaka kunihurumia atasubiri sana.

Jina la timu hiyo silitaji. Si siri. Nililijua nimechelewa, baada ya kuipenda miaka, na mpaka leo ninapoivalia jezi yake nyekundu vijana wa Ngezi hunicheka, maana wao wanashabikia timu zenye makabati yaliyojaa vikombe. Nawaacha wacheke. Hawakuona nilichokiona katika ua wa Papa Kambale.

Papa Kambale alihamia kwetu kutoka Butembo na mke wake, mashine mbili za kushonea na sahani kubwa ya televisheni, akafungua sine, mahali pa kulipia kutazama mpira, uani mwake chini ya mabati. Sahani ile ilinasa idhaa nyingi za kulipia, ambazo hakulipia, na chache za bure, na mojawapo ya zile za bure ilikuwa ya Kijerumani. Ngezi nzima hapakuwa na mtu aliyejua Kijerumani. Hilo halikumzuia Papa Kambale kututafsiria. Mtangazaji akionyesha ramani yenye mawingu, tuliambiwa vita imeanza kaskazini. Mpishi akikata vitunguu, tuliambiwa hiyo ni dawa ya tumbo, na mama mmoja aliwahi kweli kuijaribu. Hakuna aliyembishia, kwa sababu jenereta lilikuwa lake.

Alasiri moja tulikuwa tumekaa tunangoja mechi ianze, na idhaa ile ikionyesha mambo yake. Ghafla ukaonekana uwanja wa mpira uliopakana na miti, na ndani yake wazungu wengi, wanaume kwa wanawake, wengine na mvi, kofia ngumu kichwani na skafu nyekundu shingoni. Walikuwa wanachimba. Walikuwa wanasukuma matoroli, wanakoroga sementi, wanabeba vyuma begani. Sijawahi kuona wazungu wachafu namna ile.

Papa Kambale akakohoa kama mtu anayejua. "Banafanya salongo," akasema. "Kumbe hata kule Leta anasumbua batu."

Mnaijua salongo. Jumamosi asubuhi maduka yanafungwa, kila nyumba inatoa watu na majembe wakafyeke na kuzibua mitaro, na polisi wanapita. Asiyeonekana analipa amandi, faini ile, au anakwenda kupoa kasho, mahabusu ya polisi. Leta, yaani serikali, ndiyo yenye Jumamosi. Kwa hiyo maneno ya Papa Kambale yaliwafurahisha watu kupita mechi yenyewe. Walicheka, wakapigana mabegani, mmoja akasema Mungu hana upendeleo. Katikati ya kicheko hicho baba yangu alisimama. Nilikuwa nimekaa chini miguuni pake. Mguu wake ulipita juu ya kichwa changu, akatoka bila kuaga mtu. Alikuwa amerudi wiki ile kutoka Niania, alikokuwa akiwauzia wachimbaji wa dhahabu sabuni na betri. Nikaamua kwamba baba yangu hapendi mpira, na uamuzi huo nilikaa nao muda mrefu.

Wale wazungu nikawaonea huruma. Jioni tulipokuwa tunasali kabla ya chakula niliongeza ombi langu: Mungu awasaidie wazungu wa salongo, polisi wasiwapeleke kasho. Mama aliuma midomo asicheke. Baba hakucheka wala hakusema amina.

Jambo moja lilinisumbua. Wazungu wale walikuwa wanacheka. Kwenye salongo yetu hakuna aliyecheka. Baba za watu walichimba mitaro huku wamekunja nyuso, na mama zetu walifagia barabara kana kwamba imewatukana. Nikawaza mpaka nikapata jibu: wanacheka kwa sababu ya kamera. Hata kwetu, walipokuja watu wa shirika fulani kupiga picha, chefu wa mtaa alituamuru tutabasamu, na tukatabasamu. Nikaridhika.

Idhaa ile ilikuwa na tabia ya kurudia mambo yake, na kipindi kile kilirudi tena na tena. Nikawajua. Kulikuwa na bibi mwenye nywele nyeupe kabisa aliyepaka rangi vyuma, akilamba midomo kila akichovya brashi. Kulikuwa na mnene mmoja aliyejaza toroli kupita kiasi, akafika nusu ya mchanga umemwagika njiani. Nilimpa jina, Tonton Burueti, yaani Mjomba Toroli. Mwishoni walionyeshwa uwanja ukiwa umekwisha, na watu walewale wamesimama juu ya ngazi za sementi walizozimwaga wenyewe, hakuna aliyekaa, wanaimba na kurukaruka kwa pamoja. Nilielewa mara moja. Walikuwa wanajaribu kama sementi imeshika.

Sasa uwanja wetu. Ulikuwa chini ya barabara, nyuma ya nyumba za mwisho, na ulikuwa umeumia. Kila msimu maji ya barabarani yalishuka kupitia kona ya juu, yakawa yamekata korongo kutoka kona hiyo hadi karibu na goli. Mtoto mdogo aliweza kujificha humo asionekane. Wanaume walikuwa wameacha kuchezea pale. Waliobaki ni timu ya wamama, na kipa wao alikuwa Tantine Vero, mdogo wa mama.

Tantine Vero aliuza mitumba sokoni pamoja na mama, na mikono yake ilikuwa mipana kuliko ya baba. Alidaka mpira kama anayenyang'anywa mali. Mwanzoni watu walikwenda kuwacheka wale wamama na vitambaa vyao kichwani. Kisha wakaanza kwenda kugombana juu ya ofusaidi, na hapo Tantine akajua kwamba wameshinda. Kwangu mimi hapakuwa na mtu duniani wa kulinganishwa naye. Alikuwa ameachwa na mume kwa ajili ya mpira huohuo, na ukimuuliza alijibu kwamba mume alikuwa anacheza vibaya.

Ndipo alipotokea Patroni. Alikuwa mfanyabiashara wa vinywaji, alitaka mahali pa kujenga depo, na macho yake yalianguka kwenye uwanja. Chefu wa mtaa akaita mkutano, akasimama kando ya korongo na kulinyooshea fimbo. "Uwanja yenye haichezewi haiko uwanja," akasema. "Hii iko shimo tu."

"Siye tunachezea," Tantine akajibu.

Chefu akamtazama, akawatazama watu, akaona lazima aonekane mwenye haki. Akatoa neno lake mbele ya wote. Mashindano ya mitaa yangeanza baada ya Pasaka, na mechi ya kwanza ya wamama ilikuwa ichezwe nyumbani. Kama mwamuzi ataukubali uwanja na mechi itachezwa mpaka mwisho, uwanja utabaki. Kama ataukataa au kuisimamisha mechi kwa sababu ya korongo, yeye chefu atatia saini na Patroni ataleta matofali yake. Alisema akijua kwamba amesema hapana kwa njia ya adabu. Tantine akaomba walau salongo ya Jumamosi iletwe pale. Chefu akakataa: salongo ni ya mitaro ya barabara, si ya michezo ya wanawake. Nadhani hilo ndilo lililomponza.

Kulikuwa na mtawa mmoja aliyenunua sweta za watoto kwenye meza ya mama, Masera Imani, mtoto wa hapahapa Ituri aliyekuwa ameishi Ujerumani miaka mingi akisomea uuguzi. Siku moja Tantine, kwa kuchangamsha biashara tu, alimsimulia habari ya wazungu wanaofanya salongo. Masera akasema hajawahi kuona jambo kama hilo kule. Akaja mwenyewe alasiri moja, akapewa kiti cha plastiki mbele kabisa. Papa Kambale alitutangazia kwamba leo koo linamuuma, hatatafsiri.

Kipindi kilipofika Masera alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Kisha akatugeukia.

"Pale hakuna Leta," akasema. "Bale ni mashabiki. Timu iko ya batu ya kazi, haina feza. Ngazi za uwanja zilikuwa zinavunjika, bakaambiwa batengeneze, ama baende kucheza kwa wengine. Basi mashabiki bakakuja kutengeneza."

"Nani alibalazimisha?" mtu akauliza.

"Hapana mutu."

"Na wenye hawakukuja, balilipa amandi ngapi?"

"Hakuna amandi. Bengine baliomba konji kwa kazi yao, bakuje kuchimba."

Papa Kambale akasahau koo lake. "Bale bazungu bako na shida ingine," akasema, na ua mzima ukaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahisi nimeibiwa, maana nilikuwa nimewaombea siku zote hizo na kumbe hawakuwa na haja. Tantine naye hakucheka. Alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, kama golini.

"Masera," akauliza, "balikuwa banachimba siku gani?"

"Siku yoyote. Kila mutu siku yenye alikuwa nayo."

Jioni hiyo Tantine alikula kwetu. Hakungoja bugari ipoe. Alisema kesho, Jumanne, timu yake inaanza kufukia korongo. Mama akashangaa kwa nini wasingoje Jumamosi, watu wakishatoka na majembe yao.

"Jumamosi iko ya Leta," Tantine akasema. "Tukichimba Jumamosi, chefu atasema ni yeye alichimba. Na kitu yenye Leta amechimba, Leta anaweza kuuzisha. Siye tutachimba siku zingine zote."

"Miye sichimbi," baba akasema. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Shemeji, sijakuomba."

"Nakuambia mbele. Hii mikono ilishachimbia batu bure. Imetosha." Akanawa, akavikausha vidole kimoja kimoja, akatoka kwenda kusimama barabarani.

Nilipokuwa mkubwa ndipo mama aliponieleza. Kabla ya sabuni na betri baba alikuwa mchimba dhahabu, na machimbo yao yaliwahi kushikwa na watu wenye silaha, ambao waliwalazimisha wachimbaji kuwachimbia bila malipo. Siku hizo za lazima waliziita salongo. Neno hilohilo la Jumamosi. Hayo ndiyo nitakayosema juu ya jambo hilo, na hata haya nayasema ili mjue kwamba katika ua wa Papa Kambale baba yangu hakuwa anaukimbia mpira.

Jumanne wakaanza. Timu ya wamama, na mimi, na watoto wawili watatu waliokuwa hawana la kufanya. Wapita njia walisimama barabarani juu yetu na kuuliza swali moja: nani amewatuma? Tantine akijibu hapana mtu, hawakuamini. Wakaanza kunong'ona kwamba liko shirika, tena ni la siri, na kwamba mwishoni kutagawiwa sabuni. Jumatano wakaja wengi kwa ajili ya sabuni. Waliuliza wajiandikishe wapi. Walipogundua hakuna sabuni baadhi walisonya na kwenda zao, lakini si rahisi kushika jembe mbele za watu kisha kuliweka chini, na wengine wakabaki kwa haya. Haya nayo inafukia korongo, udongo haujui tofauti.

Papa Kambale alifika na toroli lake jipya, akalijaza mpaka juu, na udongo ukamwagika njia nzima. Nikamwambia anafanana na Tonton Burueti. Alifurahi sana, akataka nimwonyeshe tena kwenye televisheni ni yupi.

Mzee mmoja mwenye shamba la mikalitusi kule pembeni mwa mji akatoa miti. Wamama waliibandua maganda palepale uwanjani kwa panga, wakailaza ndani ya korongo izuie udongo, na mingine wakaipanga kwenye mteremko wa juu iwe ngazi za kusimamia. Maganda tulibeba sisi watoto kwa mikono, na harufu ikatuingia kwenye nywele, kwenye daftari, kwenye uji wa asubuhi. Mwalimu wangu alifungua dirisha nilipoingia darasani. Kazi yetu nyingine ilikuwa kushindilia udongo kwa miguu. Kila ngazi ilipokwisha nilipanda juu yake na kurukaruka nikiimba, kama nilivyowaona wale wa Ujerumani, na Tantine aliponiuliza nafanya nini nilimwambia ninajaribu kama imeshika. Akapanda, akaruka na yeye. Mti mmoja ukachomoka, ikabidi urudishwe.

Chefu alikuja na polisi mmoja. Akaona watu wengi kuliko alivyowahi kuwapata Jumamosi yoyote, na nikaona jinsi lilivyomkera. Akauliza ruhusa iko wapi. Tantine akamuuliza ruhusa ya kufukia shimo inaombwa ofisi gani. Chefu akabadilisha njia, sauti ikawa ya asali: basi Jumamosi atakuja mwenyewe, ataleta bendera na mpiga picha, wamalize pamoja kama salongo ya mtaa.

"Jumamosi tutakuwa kwa mutaro wa barabara, chefu," Tantine akasema. "Ile ni kazi ya Leta, na siye tunaheshimu Leta. Hapa ni siku zingine."

Jumamosi ile hakukosekana mtu. Ngezi nzima ilitoka, hata wanaojifanya wagonjwa kila wiki, wakazibua mtaro wa barabara mwanzo mpaka mwisho, wakausafisha mpaka ungeweza kulala ndani yake. Polisi alizunguka na karatasi zake za amandi, akakosa wa kumwandikia. Alionekana mwenye huzuni ya kweli. Jumapili baada ya misa, na waislamu wa mtaa wakiwa tayari wametangulia na majembe, tukarudi kwenye cha kwetu.

Baba alipita kila jioni barabarani juu. Nilimwita. Aliinua mkono, akatazama kidogo udongo umefikia wapi, akaendelea na njia yake.

Siku ya mechi wageni walikuja wasichana wa mtaa mwingine, wadogo kwa umri, na viatu vyenye meno chini. Wamama wetu nusu walikuwa peku. Patroni aliegesha gari upande wa chini, vioo juu. Chefu alisimama karibu naye na mwavuli, ingawa jua lilikuwa linawaka. Mwamuzi, kijana mwembamba mwenye saa mbili mkononi, alitembea juu ya mahali palipokuwa korongo, akapiga kisigino, akapiga tena, akatikisa kichwa kukubali. Tulishangilia kisigino kile kuliko goli lolote.

Ni vizuri tulishangilia mapema, maana magoli yote yalikuwa ya wageni. Tantine aliruka kulia mpira ukapita kushoto. Aliokoa mengi, lakini beki zake walikuwa wamechoka kwa kuchimba, mikono ina malengelenge na migongo haikunjiki. Sisi juu ya ngazi zetu za mikalitusi tuliimba. Hatukuwa na nyimbo za mpira, tukaimba za kanisani, na waislamu wakapiga makofi.

Kipindi cha pili mvua ikaja. Siyo manyunyu, mvua ya Bunia, inayokuja na upepo mbele yake na kukunyima nafasi ya kuanua nguo. Maji yakajaa barabarani, yakashuka kwenye kona ya juu kama yalivyozoea. Tulikuwa tumeyachimbia mfereji wa kuyazungusha nje ya uwanja, lakini maganda ya mikalitusi, yale tuliyoyatupa sisi watoto bila kufikiri, yaliteremka nayo na kuuziba. Maji yakapanda ukingo. Yakaanza kutafuta njia yake ya zamani.

Mwamuzi akasimamisha mpira. Akatazama miguu yake, akatazama kona, akatazama saa moja kisha nyingine. Chefu alikuwa tayari anatembea kumfuata. Kioo cha gari la Patroni kikashuka kidogo.

"Mufereji," Tantine akaita kutoka golini. Sauti yake haikuwa ya kuomba.

Watu walishuka kwenye ngazi. Wengi walikuwa wamekuja na majembe, maana tayari walikuwa hawaiamini mbingu, na waliokosa majembe walitumia sahani na mikono. Walipiga pale palipoziba, lakini kila walipotoa ganda moja mengine yalikuja, na maji yakaongezeka, na nilianza kulia kwa hasira, siyo kwa huzuni, naomba ieleweke. Ndipo nilipomwona baba akishuka kutoka barabarani. Hakukimbia. Alivua viatu, akaviweka sawasawa juu ya ngazi, akakunja suruali, akaja akachukua jembe mkononi mwa mama. Hakwenda walipojazana watu. Alipanda juu zaidi, akasimama ndani ya maji akiyatazama yanakotoka na yanakotaka kwenda, kisha akapiga ukingo. Akapiga tena mahali palepale. Udongo ukakatika, na maji yakageuka. Yakashika upande wa barabara, yakaingia kwenye mtaro wa Leta tulioufanya msafi Jumamosi, na mtaro ukayapokea yote.

Mwamuzi alingoja kidogo. Kisha akapuliza, na mpira ukaendelea.

Dakika zile zilizobaki ndizo ninazoziona hadi leo. Mashabiki wa Ngezi tulisimama kwenye tope, nusu yetu tunachimba na nusu tunaimba, tukibadilishana majembe, shingo zimegeukia uwanjani ili tusipitwe. Tulifungwa goli jingine, tukaimba zaidi. Juu peke yake baba aliushikilia ule mkato, kila tope lilipokuja kuuziba akalivuta pembeni. Nilikuwa na skafu ya mama kichwani, imelowa, nikawafikiria bibi wa brashi na Tonton Burueti, na kwa mara ya kwanza nikajua walichokuwa wakikicheka.

Filimbi ya mwisho ikalia. Gari la Patroni likawashwa, likateleza kidogo, likaondoka. Tantine akaja kwetu, tope mpaka kwenye kope, akitembea kama aliyebeba gunia.

"Banatupiga mubaya," mama akasema.

"Eh," Tantine akajibu. "Lakini banatupigia kwetu."

Chefu alibaki na mwavuli wake katikati ya watu waliomwangalia. Neno lake alikuwa amelisema mbele ya wote, na mwamuzi alikuwa amekwisha kusaini mechi. Ilibidi apate mtu wa kumfokea. Akatazama juu, akamwona baba, ambaye mechi ilikwisha lakini yeye bado anapanua mkato, taratibu, kama mwenye siku nzima. Chefu akapanda kwa shida, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope.

"Papa," akaita. "Huko juu, nani amekutuma?"

Baba alisimamisha jembe. Alimtazama, mvua ikimtiririka usoni, na nilimwona akiliwaza swali hilo kana kwamba anaulizwa mara ya kwanza.

"Miye," akasema, akainama, akaendelea kuchimba.